Sahani Yenye Pengo

Juma lililopita tulimzika Titulaire. Alikuwa na jina lake, lakini hapa Ntoto hakuna aliyelitumia. Alikuwa muganga mkubwa wa kituo chetu cha afya, na cheo chake njo kilikuwa jina. Wanawake tulibeba vyombo toka kwetu kwenda kwenye matanga kama tunavyofanya siku zote, sufuria, ndoo, sahani, kila mmoja na alama yake, huyu rangi ya kucha, yule uzi kwenye mkono wa sufuria, ili kila kitu kirudi kwa mwenyewe. Mimi nilibeba sahani sita. Tano zina alama ya rangi chini. Ya sita ni ya emaye, bati lenye rangi ngumu, ya bluu, na ukingo wake una pengo la panga. Pengo hilo nililitia mimi. Walinipa nafasi ya kusema juu ya marehemu, nikasema alikuwa mtu wa kazi, nikakaa. Nikasikia nyuma yangu mtu ananong'ona kwamba Koko huyu, kama wanavyotuita sisi wazee wa kike, ni mkali hata kwa wafu. Aseme. Nilichokuwa nacho hakikuwa cha kusema mbele ya sanduku, na si kifupi. Ni cha mwaka mmoja, na mwaka huo mimi sikuwa msichana. Nilikuwa na wajukuu wawili kwa binti yangu, nilikuwa na meno yangu yote, na nilidhani nimeshamaliza kujifunza.

Sifa alikuwa mke wa mtoto wangu Bahati. Alitoka Nyabiondo, kule kwenye vilima vya Masisi, na alifika kwangu na maharage ya kwao kichwani, maharage mazuri, yanaiva upesi. Bahati alikuwa anachimba dhahabu Omate kama vijana wengine, anarudi mara mbili ao tatu kwa mwaka, kwa hiyo sisi wawili njo tuliishi pamoja, mama mukwe na mkamwana, katika parcelle moja, kiwanja kimoja, na jiko moja. Sikumpenda wala sikumchukia. Aliamka mapema, aliongea kidogo, alikoroga bugali bila madonge. Kwangu hiyo ilitosha. Siku ile mvua ilikuwa imetufungia jikoni tangu saa sita, moshi haukujua pa kutokea, yeye amesimama juu ya sufuria na mimi nimekaa karibu na mlango natwanga sombe, majani ya mihogo. Nilisikia mwiko umeanguka. Nilipoinua kichwa macho yake yalikuwa yamegeuka meupe, mwili umekazika wote, akaanguka kwa ubavu kwenye mafiga, na mkono wake wa kushoto ukaingia motoni ukabaki pale.

Na mimi nilisimama tu. Nasema hivyo kwa sababu njo hivyo ilikuwa. Kwetu kila mtu alijua kwamba ugonjwa wa kuanguka unapita kwa mate. Povu likikugusa, ao ukimshika wakati anatetemeka, unaubeba mpaka kwa wajukuu wako. Nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na mama yake, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza. Nilitazama ule mkono. Harufu niliijua, lakini sikutaka kukubali kwamba ninaijua. Kisha nikachukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango, nikaingiza ulimi wa jembe kwenye kitenge cha Sifa pale kiunoni, nikamvuta nje ya moto kama unavyovuta gogo kwenye maji. Kitenge kikapasuka. Mimi sikumgusa hata kwa kidole. Vidole vyake viwili, cha mwisho na kinachofuata, havikunyooka tena mpaka leo, na kila mara ninapomwona anashika kikombe nakumbuka ni muda gani nilisimama. Haukuwa mrefu. Kwa mkono ulio motoni ulikuwa mrefu.

Kulikuwa na jambo lingine tulilolijua, kwamba mwenye kuanguka akishaungua, basi, huyo haponi tena. Kwa hiyo sikumpeleka popote. Nilimpaka mafuta ya mawese kwenye kidonda, nikafunga na kitambaa kwa ncha za vidole vyangu, na kesho yake nikachukua sahani ya bluu, nikaiweka juu ya jiwe, nikaikata ukingo kwa panga ili isichanganyike na zetu. Nikamwambia, "Hii njo yako. Utakuwa unakulia nyuma ya jiko, pale kwenye migomba." Akasema, "Ndiyo, mama." Alikuwa anashona kitenge wakati ule, anaziba tundu la jembe kwa mkono mmoja, uzi ameushika kwa meno. Hakuuliza tundu limetoka wapi. Nilifikiri hajui.

Wifi yangu, Mama Riziki, dada ya marehemu mume wangu, hakuchelewa kuja. Alikaa jikoni kwangu na magoti yake yakiwa wazi kwa moto, na alikula lituma yangu ya ndizi za kuponda huku anaongea, yeye hakuwahi kuacha kimoja kwa sababu ya kingine.

"Umurudishe kwao mbele hajazaa," akasema. "Akizaa, utarudisha nani na nani?"

"Bahati hajasema kitu."

"Bahati atasema nini? Iko mu mashimo Omate. Wewe njo uko mu nyumba. Wale watu wa Nyabiondo walijua. Walitupatia muntu wa kuanguka wakanyamaza, wakakula mbuzi zetu."

"Sema polepole, iko hapo nyuma."

"Asikie! Masikio yake haina ugonjwa."

Na Sifa alisikia. Ukuta wa jiko langu ulikuwa wa miti na udongo, na udongo ulikuwa umeanguka upande ule wa migomba, ningeweza kuona kisigino chake kama ningetaka. Siku chache baadaye dereva wa moto, pikipiki, aliyetoka Omate akaniletea neno la mtoto wangu. "Mama aamue. Mwisho wa mwaka nitakuja, nitafanya vile atasema." Basi jambo likawa langu peke yangu. Mpaka mwisho wa mwaka nilipaswa kujua kama huyu mwanamke anabaki ao anarudi Nyabiondo kwa miguu na kitenge chake kilichoshonwa, na kule hakuna atakayemuoa tena. Sitaficha, nilikuwa nimeshaamua. Nilingoja tu kidonda kikauke, kwa sababu nilikuwa na haya kumrudisha na kidonda.

Mwaka huo njo serikali, kupitia zone ya afya, ilileta kazi mpya kwenye kituo chetu. Titulaire alikwenda mafunzo, akarudi na daftari kubwa na katoni za dawa za bure kwa watu wenye ugonjwa wa akili, wenye kuanguka, walioshindwa na pombe, na kwa watoto wasiosema ao waliochelewa kutembea alijifunza namna ya kuwazoeza. Watu walicheka. Walisema dawa ya bure ni unga wa mihogo. Yeye hakungoja wafike. Alipita parcelle kwa parcelle, daftari chini ya kwapa, buti za plastiki mguuni. Kwangu alifika asubuhi, vyombo vimeanikwa kwenye uzio.

"Mama Bahati, natafuta wagonjwa ya kuanguka."

"Tafuta kwa jirani."

"Kwa jirani njo wamesema nitafute kwako."

"Hapa hakuna."

Akatazama uzio. Akanyoosha kidole. "Na hii sahani ilikatwa, iko ya nani?"

"Ya mbwa," nikasema.

"Ya mbwa!" Akaishika, akaigeuza. "Mbwa yako inakulia mu emaye? Mama, mimi titulaire muzima nakulia mu plastiki. Uniandike basi, nami nikuwe mbwa hapa kwako."

Nyuma ya jiko mtu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia Sifa anacheka tangu aanguke, na alicheka vibaya, kwa pua, kama mtu aliyejizuia sana. Titulaire hakunitazama hata kidogo. Alizunguka jiko, akachuchumaa kwenye migomba, akaushika ule mkono ulioungua kwa mikono yake miwili mitupu, akamuuliza jina lake.

Tukaanza kwenda kituoni kila Alhamisi. Chumba kilikuwa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Walivitoa, wakapaka chokaa, wakaweka meza, viti viwili, na nje benchi moja ndefu. Mlango uliangalia soko, na Alhamisi njo siku ya soko. Watu wakaiita benchi ya wazimu. Mimi nilipita mashambani ili nifikie kwa nyuma, nimejifunika kichwa, na siku ya pili nikamwambia Titulaire atoboe mlango upande wa pili. Akaniuliza, "Wanawake ya kuzaa wanapitia wapi?" Nikasema mbele. "Na wa malaria?" Mbele. "Basi," akasema, akaendelea kuandika. Kwenye benchi tulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto asiyesema, na Papa Mateso, mwanaume mrefu aliyekunywa pombe ya lutuku mpaka shamba lake likarudi kuwa pori. Papa Mateso alinipokea vizuri.

"Mama Bahati! Na wewe umeanza kunywa?"

"Nyamaza. Mimi nasindikiza."

"Sisi wote tunasindikiza, mama. Mimi nasindikiza hii mikono. Inatetemeka, inaogopa kuja yenyewe."

Sifa akacheka tena, na hata yule mama wa mtoto akacheka. Nilimkemea Papa Mateso siku ile, lakini Alhamisi alipokosa kufika nilimuulizia. Titulaire alisema maneno yaleyale kila mara, mpaka nikayajua: kidonge kimoja kila jioni baada ya kula, kuanguka hakuambukizi, si kwa mate, si kwa nguo, si kwa sahani, na dawa haiachwi. Hata mwaka ukipita bila kuanguka, dawa haiachwi mpaka yeye mwenyewe aseme, na hata yeye ataipunguza polepole. "Hii haiko malaria," alisema. "Ukiikata mara moja, ugonjwa unarudi na hasira." Sifa alikunywa. Mwezi ukapita hajaanguka, ikapita miwili, mitatu. Kidonda kilikauka, na mimi sikumrudisha. Nilisema nangoja kwanza mavuno.

Mwezi wa nne wa dawa Titulaire akanifanya relais, yaani mtu wa kupita manyumbani kutafuta wagonjwa na kuwaleta. Nikamwambia nimesoma mpaka mwaka wa tatu tu wa primaire. Akasema hahitaji kusoma kwangu. "Watu wanakuogopa. Muntu anaogopwa, wanamufungulia mulango." Ilikuwa kweli. Nilipita mpaka vijiji vya ndani ya pori, nikasimama katika viwanja vya watu na kuwaambia kwa ukali kwamba kuanguka hakupiti kwa mate, na wapumbavu waache kula mbali na watoto wao. Kisha narudi kwangu jioni, Sifa amepika, ananiwekea chakula changu mezani, anachukua sahani yake ya pengo anaenda kwenye migomba. Na mimi namwacha aende. Mdomo wangu ulikuwa umeamini. Mkono bado. Mara nyingine nilijiambia kwamba amezoea.

Miezi mitano ilipotimia, wamama wa chumba cha maombi wakaniambia kwamba neema kubwa hivi haipokelewi kimya. Sifa ashukuru. Tutafunga pamoja naye, kufunga kavu, siku tatu bila chakula wala maji, na Jumapili atasimama kanisani atoe ushuhuda. Nilifurahi. Niliona njo heshima, na niliona pia kwamba sasa Mama Riziki atafunga mdomo. Jioni ya kwanza Sifa akaja mlangoni na kidonge mkononi.

"Mama, na dawa? Inaomba chakula, inaomba maji."

Nakumbuka nilivyojibu, nakumbuka hata kwamba nilikuwa nimekaa na mgongo wangu kwake. Nikasema, "Unashukuru Mungu huku unatafuna dawa, unamwambia nini? Kwamba haujamuamini? Dawa itangoja siku tatu." Titulaire alikuwa hajasema neno juu ya kufunga, hakufikiria kwamba mtu angekataza dawa kwa ajili ya kushukuru. Lakini alisema haiachwi, na mimi nilikuwa relais, nililisema neno hilo kwa wengine mpaka sauti inakauka. Sifa akarudisha kidonge kwenye kikopo. "Ndiyo, mama," akasema.

Jumapili alisimama mbele, amevaa kitenge kile kilichoshonwa, kwa sababu njo kilikuwa kizuri chake. Akasema, "Nashukuru Mungu, na nashukuru mama yangu—" na hakumaliza. Akaanguka pale mbele ya madhabahu. Benchi zikalia, watu wote wakarudi nyuma, wengine juu ya wengine, mama anafunika mtoto wake na kanga, na katikati ya kanisa kukabaki nafasi tupu ya udongo, pana kama kiwanja, na yeye ndani yake peke yake. Mwanaume mmoja akasema kwa sauti kwamba asiguswe. Nikajiona tena jikoni kwangu nimesimama. Safari hii hakukuwa na jembe.

Nilikwenda. Nikapiga magoti, nikamgeuza kwa ubavu kama Titulaire alivyotuonyesha, nikaweka kichwa chake kwenye mapaja yangu, na povu likanimwagikia kwenye mikono mpaka viwiko. Lilikuwa na joto. Hakuna zaidi ya hapo, lilikuwa na joto tu kama mate ya mtoto anayelala begani. Nilingoja atulie kama zamani, akatulia kidogo, akaanza tena kabla macho hayajarudi. Nikajua hiyo njo hasira aliyoisema Titulaire. Nikaomba wanaume waninyanyulie. Hakuna aliyesogea. Nikamshika chini ya makwapa nianze kumvuta peke yangu, njo nikasikia mtu anapenya kati ya watu toka mlangoni, Papa Mateso, asiyekuwa hata mtu wa kanisa, alikuwa anasikilizia nyimbo nje. Akashika miguu. "Mama, mikono yangu inatetemeka," akasema. "Yangu pia," nikasema. "Tutembee." Tukavuka daraja la miti, tukapanda, mara tatu tulimweka chini.

Titulaire alimdunga sindano, akakaa naye mpaka mwili ukalegea. Kisha akafungua daftari, akatafuta jina la Sifa, na kwenye mstari wake kulikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Akaniuliza nani alikata dawa. Ningeweza kusema kanisa. Ningeweza kusema wamama wa maombi. Nikasema mimi. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alisukuma daftari upande wangu, akanipa bic. "Andika wewe." Sikuwa nimeandika kitu tangu primaire isipokuwa jina langu. Nilichukua muda mrefu, kwa herufi kubwa: MIMI MAMA MUKWE NILIKATAZA DAWA SIKU TATU. Akasoma, akafunga daftari. "Kaa naye," akasema. "Akiamuka asikute muntu mungine."

Aliamka jua limeanza kushuka, mwanga umeingia kwa mlango ule unaoangalia soko. Alitazama dari kwanza.

"Nilianguka mbele ya watu?"

"Ndiyo."

Akageuza kichwa kwangu. Kisha akauliza, "Nani alinitoa?"

"Mimi."

"Na jembe?"

Basi alijua. Tangu siku ile ya kwanza, wakati anashona lile tundu kwa mkono mmoja, alijua, na alinipikia miezi yote hiyo. Nikasema, "Na mikono." Nikaiweka juu ya kitanda aione, sikuwa nimenawa bado. Aliitazama kwa muda, akafumba macho, akalala.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani bila kuitwa. Watu walikuwa wameshasema dawa ya serikali imeshindwa, na kwenye benchi ya Alhamisi walibaki watatu. Nikasema dawa haikushindwa, mimi nilimnyima, na anayetaka kumcheka mtu anicheke mimi. Hakuna aliyenicheka, hata hivyo haikuwa rahisi, na kuna wamama wa maombi ambao hawakunisalimia mpaka Pasaka. Mwisho wa mwaka Bahati akafika toka Omate na udongo bado kwenye masikio. Mama Riziki alikuwa amefika kabla yake. Tukakaa jikoni wote wanne, Sifa karibu na mlango, tayari kutoka. Bahati akasema, "Sasa, mama?" Nilikuwa nimetengeneza maneno mengi. Nikayaacha. Nikachukua sahani ya pengo toka kwenye uzio, nikaweka ndani bugali kubwa, sombe pembeni, nikaiweka chini kati yangu na Sifa, nikanawa, nikakata tonge, nikala. Sifa hakunyoosha mkono. "Kula," nikamwambia, "inapoa." Akanyoosha, ule wa vidole viwili vilivyokunjika. Bahati akatutazama, kisha akasogeza kigoda chake, akaomba maji ya kunawa. Mama Riziki alisimama akatoka, na tangu siku ile mpaka kufa kwake hakula tena kwangu. Naye nilimlilia, alikuwa wifi yangu.

Sifa amezaa watatu. Alikunywa dawa miaka mingi, mpaka Titulaire akaipunguza polepole na kuiacha, na miguu yangu iliposhindwa milima yeye njo alichukua kazi yangu ya relais. Kuna miezi dawa hazifiki, barabara imefungwa, watu wanakimbia na kurudi; miezi hiyo Titulaire alikuwa anatembea mwenyewe kuzitafuta, na sasa sijui nani atatembea. Sifa anasema atatembea yeye. Jana kutwa alikuwa na katoni tupu mkononi, anauliza madereva wa moto.

Kwenye matanga, tulipomaliza kula, wanawake walipanga vyombo kwenye turubai ili kila mmoja achukue vyake. Msichana mmoja wa kutoka mbali, jamaa ya marehemu, alikuwa anapitisha macho kwenye alama. Akainua ya bluu.

"Koko, na hii ilikatwa, iko ya nani?"

"Ya mbwa," nikasema.

Akaniangalia, akaitazama sahani, akaiweka chini taratibu kama mtu asiyejua afanye nini nayo. Wanawake wengine wakainama kwenye vyombo vyao. Sifa alikuwa mbali, kwenye ndoo, hakusikia. Mtu mmoja tu pale angecheka, na tulikuwa tumetoka kumzika. Nikaiokota, nikaifuta kwa kitenge, nikaiweka juu ya zile tano, nikaenda nyumbani.